Kopo la Fundi Idi

Siku mliyoniaga karakanani, wanafunzi wangu, mlinipa keki na daftari lenye jalada gumu, mkasema, "Mama, tuandikie uliyoyaona, tusije tukarudia makosa." Keki iliisha siku ileile. Daftari limekaa juu ya kabati wiki saba nikilitilia shaka, kwa sababu mtu akikuomba uandike makosa, kwanza jiulize anataka kuyasoma ya nani. Sasa nimekaa. Sitaandika habari za vyeo, maana karakana yetu haikuwa na vyeo. Ilikuwa na meza mbili, stuli tatu na kufuli moja. Nitaandika kazi.

Nilianza kwa Mzee Masima nikiwa binti niliyetoka chuo cha ufundi na cheti ndani ya bahasha ya kaki. Karakana ilikuwa palepale mnapoijua, mtaa wa nyuma ya soko, chini ya bati ambalo saa nane mchana ungeweza kukaangia yai. Alikipokea cheti changu kwa mikono miwili, akakisoma chote mpaka mhuri, akanirudishia. Kisha akanipa redio isiyotoa sauti, akaniambia niitengeneze. Nilihangaika nayo mpaka mchana. Kumbe ilikuwa nzima. Yeye mwenyewe alikuwa amekata waya mmoja wa spika na kuupaka vumbi usionekane mpya. Nilipoupata akaniuliza, "Umejifunza nini?" Nikasema nimejifunza kuanza na spika. "Hapana," akasema. "Umejifunza kwamba anayekupa kazi anaweza kukudanganya."

Huyo ndiye aliyenilea, kwa hiyo msishangae nilivyo.

Wateja nao walinishuku tangu siku ya kwanza. Wakiingia walitazama juu ya kichwa changu na kuuliza, "Fundi yuko wapi?" Mzee mmoja kutoka Bahi alikaa saa nzima na redio yake mapajani akimsubiri mwanamume atoke chooni. Chooni hakukuwa na mwanamume. Mzee Masima alikuwa amekwenda msibani, na karakana nzima ilikuwa mimi. Mwishowe njaa ndiyo iliyomshawishi anipe ile redio, nayo niliitengeneza kwa muda mfupi kuliko alioutumia kusubiri.

Ila simlaumu. Watu wetu hawamwamini fundi, na mimi nawaunga mkono. Kinachosemwa, kutoka Msalato mpaka Kondoa, ni kwamba kifaa kikiingia kwa fundi na maini yake hutoka na maini ya kifaa kingine. Ndiyo maana mteja hakai barazani. Anavuta stuli, anakunja mikono, na macho yake hayatoki kwenye bisibisi yako. Wapo waliofungua redio zao nyumbani na kudondoshea rangi ya kucha juu ya transfoma, tone moja jekundu, ili zikirudi wahakikishe kuwa ni ileile. Mzee Masima hakuwachukia watu hao. Alisema mtu asiyeelewa kilichomo ndani ana haki ya kuogopa, na kwa ajili yao akabuni kopo.

Kopo mnalijua, mnaendelea nalo, lakini huenda hamjui lilikotoka. Kila kilichotolewa ndani ya kifaa, hata skrubu iliyokatika kichwa, kinaingia kwenye kopo tupu la kahawa, linazungushiwa utepe, linaandikwa jina la mwenyewe, anarudishiwa pamoja na mali yake. Mteja akifika kwake analifungua na kuhesabu. Hajui kapasita ni nini, lakini kuhesabu anajua, na usingizi unamjia. Kopo lilikuwa la mteja tu. Sisi kwa sisi tulipotengenezeana vitu hatukupeana kopo. Mzee Masima alisema ukimpa fundi wa meza yako kopo, umemwambia ni mtu wa nje.

Alikuwa na kanuni nyingine, na hizi ziandikeni ukutani. Spea mpya ina hatia mpaka ioneshe kwamba haina. Ipime kabla hujaiweka, hata kama imetoka kwenye pakiti linalong'aa. Kabla hujakata waya, andika kwenye daftari la kazi ulivyoukuta, kwa mkono unaosomeka. Na hii ya tatu, aliyoirudia mpaka tukaichoka: "Kifaa kikiharibika chenyewe, shuku umri wake. Kikiharibika baada ya kutengenezwa, shuku mkono uliogusa mwisho." Niliijua kwa moyo kama Baba Yetu, na kama Baba Yetu, niliisema mara nyingi bila kusikiliza maneno yake.

Aliponiona nimekomaa alinipa mita yake ya mshale. Ninyi mnatumia mita za namba na mnaicheka ile ya zamani, lakini namba inakwambia kiasi tu. Mshale unakwambia na upande. Ukigusa kitu, unaruka kulia au kushoto, na upande ulioruka una maana. Nitairudia mita hiyo baadaye, maana laiti ingekuwa nzima wakati wa gitaa la Miyuji, nisingekuwa na cha kuandika humu.

Nilikuwa na miaka mitano mezani Idi alipokuja. Alikuwa Msandawe wa upande wa Chemba, mwembamba, mpole, mwenye suruali moja ya kazi aliyoifua kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Transfoma ikimkasirisha aliisema kwa Kisandawe, ulimi ukigonga kaakaa, na wateja walinyamaza kwa heshima wakidhani ni sehemu ya ufundi. Kipaji chake kilikuwa sikio. Angeweza kusimama mlangoni, ndoo ya maji mkononi, akasema, "Hiyo kapasita ya pili imekauka," na ikawa ni hiyo. Mimi sikukubali kitu mpaka nikipime. Alikuwa akiwaambia wateja, "Dada Damari hajui kama chai ina sukari mpaka aitie mita." Tulikaa hivyo miaka kumi na miwili, mita na sikio, tukila mlenda kwenye sahani moja. Mzee Masima alipofariki alituachia karakana na funguo mbili za lile kufuli moja, mmoja wa Idi na mmoja wangu.

Sasa gitaa.

Mzee Yoeli alikuwa mpiga gitaa la solo wa kwaya moja ya Miyuji tangu akiwa na nywele nyeusi. Mnajua kwaya zetu: sauti nne zinaweza kuimba vizuri mpaka zichoke, lakini watu wanasubiri gitaa liingie ndipo wasimame. Lake lilikuwa jekundu, limechunika mahali mkono unapokaa, na lilikuwa na sauti nyembamba yenye kulialia, ambayo ukiisikia tangu barabarani unajua leo Yoeli yupo. Alilileta likiwa na maradhi mawili ya kawaida. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza, na swichi ilikuwa inakata.

Kwa ambaye hajawahi kufungua gitaa: chini ya nyuzi kuna koili mbili, moja karibu na shingo, nyingine karibu na daraja nyuzi zinapofungwa. Hizo ndizo zinazosikia nyuzi na kupeleka habari kwenye amplifaya. Swichi inachagua nani asikie: ya shingo peke yake, ya daraja peke yake, au ukiiweka katikati, zote mbili kwa pamoja. Mzee Yoeli aliiweka katikati siku zote. Hili nililijua, na sikulipa uzito.

Ilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya tamasha la kwaya za dayosisi. Alivuta stuli akakunja mikono, kama desturi, lakini kabla sijalegeza skrubu ya kwanza simu yake ikalia. Msiba, Mvumi. Akasimama, akalitazama gitaa, akanitazama mimi. "Binti yangu," akasema, "hili sijawahi kuliacha."

"Nenda ukazike, baba. Litakuwa salama."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Nilipolifungua ndani nilikuta vurugu ya nyaya za miaka mingi. Nikaandika kwenye daftari, nikatoa vitufe viwili, swichi na kapasita, nikavitia kwenye kopo la Yoeli. Koili sikuzibadilisha, zilikuwa nzima. Nilipokuwa katikati ya kupanga nyaya nikapigiwa kwamba mama amezidiwa Msalato. Nikaenda, nikakaa naye siku mbili, gitaa likabaki wazi juu ya meza na Idi akabaki na ufunguo. Niliporudi nilimalizia, nikalehemu vizuri, nikajaribu. Koili ya shingo safi. Ya daraja safi. Katikati nikapata sauti nene, iliyojaa, kama mtu aliyepona mafua. Nikajipongeza.

Mzee Yoeli alirudi na vumbi la makaburini bado liko kwenye viatu. Akachomeka waya, akaweka swichi katikati, akapiga nyuzi tatu. Akapiga tena.

"Hili si langu," akasema.

"Ni lako, baba. Tazama michubuko."

"Nje ni langu. Ndani umenitolea kitu." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Lilikuwa linalia kama zeze la baba yangu. Sasa linaimba kama redio. Umezitoa zile koili, fundi. Zirudishe, sitasema kwa mtu."

Nilimpa kopo. Akalifungua palepale, akakuta vitufe, swichi, kapasita. Koili hazimo, kwa sababu hazikutolewa. Lakini kwake kutokuwemo kwenye kopo ndiyo ulikuwa ushahidi wenyewe. Alisema ataniachia wiki moja. Jina langu lilikuwa limeanza kuyeyuka Miyuji nzima kabla hajafika kituo cha basi.

Nilifanya kila ninachowafundisheni ninyi kufanya. Nilishuku kapasita kwanza, kwa kuwa ikizidi ukubwa inakula sauti kali. Nikairudisha ya zamani kutoka kwenye kopo, hakuna kilichobadilika. Nikashuku vitufe, maana vikiwa na ukinzani mdogo sauti inafifia. Nikavipima, nikavirudisha vya zamani na mikwaruzo yake, bado. Nikarudisha mpaka swichi. Nikakagua kila tone la risasi ya kulehemu kwa kioo cha kukuzia, nisije nikawa nimelehemu kwa baridi, waya ukashikwa nusunusu. Nikapima koili kwa mita ya namba, moja moja; zilisoma vizuri. Mita ya mshale ilikuwa kabatini, mshale umekwama tangu mvua za mwaka uliotangulia, na Idi alikuwa ameahidi kuitengeneza. Nikarudishia kila kitu nilichokuwa nimekibadilisha. Gitaa likaendelea kuwa na sauti nene ya kupendeza ambayo mwenyewe haitaki.

Basi nilipomaliza kushuku vifaa, nikaanza kushuku watu. Na watu wenye ufunguo walikuwa wawili.

Mtu akianza kushuku hakosi vielelezo. Nilikumbuka kwamba Idi alikuwa akijiundia gitaa kwake, kwa mbao za mninga, na hakusema koili atazipata wapi. Nilikumbuka kwamba nilipotoka Msalato alinipokea akiwa mchangamfu kupita kiasi. Sasa nadhani alikuwa ananihurumia kwa habari ya mama, lakini wakati ule nilihesabu hata meno aliyoonesha. Koili zinazofanana ni nyingi, nikawaza, na nani angezitambua? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, nikaiona methali imetungwa kwa ajili ya karakana yangu.

Siku ya nne Idi alilichukua gitaa bila kuombwa, akalipiga, swichi katikati, macho ameyafumba. Akalirudisha.

"Usizitafute koili, Dada Damari. Koili ni zilezile."

"Umejuaje?"

"Zamani zilikuwa zinagombana. Sasa zimepatana. Ndiyo maana Mzee Yoeli hazitaki."

Mungu anisamehe, nilidhani ananifanyia mzaha. Mwenzake jina linachafuka, yeye anasema koili zinagombana, kama wake wenza. Na lile neno "zilezile" lilinikaa kichwani: asiye na hatia atajuaje kwamba ni zilezile? Sikumwuliza maana yake. Nilimwambia kila mtu aendelee na kazi yake.

Jioni ile sikumshtaki. Nilifanya jambo baya zaidi. Kulikuwa na amplifaya ya mteja tuliyokuwa tumekubaliana Idi aimalizie kesho yake. Kabla ya kufunga, nilitoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba, nikadondoshea tone juu ya transfoma, jingine juu ya kapasita kubwa. Nikafunga mlango, nikaenda nyumbani.

Asubuhi alifungua amplifaya, akainama, akakaa ameinama muda mrefu.

"Hii rangi ni ya mteja?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Hata leo najiuliza kwa nini sikusema. "Ni yangu," nikasema.

Akaweka bisibisi chini taratibu. "Unaniwekea alama mimi?"

"Idi, gitaa lilibaki na wewe siku mbili."

"Lilibaki na mimi." Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa kama anayekubali bei. "Miaka kumi na miwili, Dada Damari, nimekula kwenye sahani yako. Ungeniuliza tu. Ungesema, Idi, umechukua? Ningekujibu."

Nilitamani kulia, nami sikulia, kwa sababu niliamini kwamba kulia ni kushindwa. Alitoa ufunguo kwenye mshipi wake, akauweka mezani juu ya amplifaya, akachukua koti. Koleo zake aliziacha. Baadaye nikasikia amehamia Kolo, kwa wakwe zake, anatengeneza taa za sola na simu.

Wiki ilipoisha Mzee Yoeli alilichukua gitaa lake likiwa vilevile. Tamasha lilifika. Kwaya ya Miyuji ilipanda jukwaani na kinanda peke yake. Mzee Yoeli alisimama mstari wa nyuma na sauti za besi, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Watu waliimba vizuri. Hakuna aliyesimama. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu kutoka nyuma, na nilipotoka nje nilipita upande wa pili ili nisikutane naye.

Ikapita karibu miezi kumi. Halafu akaja kijana mmoja mwanafunzi wa chuo, na gitaa lake jeusi, amebadilisha koili moja mwenyewe kwa kutazama video. Alikuwa na wasiwasi kwamba aliyemwuzia amempa feki. "Kila koili peke yake iko poa, fundi," akasema, "ila nikiweka katikati inakuwa nyembamba, kama inatokea puani." Akapiga.

Ilikuwa sauti ya Mzee Yoeli.

Maelezo yake ni mafupi, na nimewafundisheni wote. Kila koili ina waya mbili, ya kupeleka sauti na ya kurudia. Ukizigeuza kwenye koili moja, peke yake italia vilevile, huwezi kujua bila mita ya mshale kukuonesha upande. Lakini zikilia pamoja, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinanyang'anyana ule unene, na kinachobaki ni sauti nyembamba ya juu. Zinagombana. Kijana yule alikuwa amegeuza waya. Nilimgeuzia, gitaa likanenepa, akaenda zake na furaha, na mimi nikabaki nimeshika ukingo wa meza.

Nilifungua daftari la kazi, nikarudi nyuma mpaka ukurasa wa gitaa la Miyuji. Mwandiko wangu, unaosomeka kama nilivyofundishwa: *Vitufe 2, swichi, kapasita: vibadilishwe.* Na chini yake, mstari ambao nilikuwa nimeusahau kabisa: *Koili ya daraja, waya zimegeuzwa. Nimesahihisha.*

Nimesahihisha. Nililikuta kosa, au nilichokiona kuwa kosa, nikalinyoosha kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza kwa watu. Wakati wa kutafuta tatizo nilirudishia kila nilichobadilisha. Nilichosahihisha sikukigusa, kwa sababu usahihi hauna mshukiwa. Mkono uliogusa mwisho ulikuwa wangu, umeandika na kukiri kwenye daftari langu, na mimi nilikuwa nimepaka rangi ya kucha kumtafuta mwingine. Nyani haoni kundule; na huyu alikuwa na kioo cha kukuzia.

Kesho yake nilikwenda Miyuji na pasi ya kulehemu ndani ya kikapu. Mzee Yoeli alinifungulia bila kunikaribisha ndani. Nilimwambia, "Shikamoo baba. Nimekuja kurudisha nilichokutolea." Akalitoa gitaa barazani, na kazi ilichukua muda wa kuchemsha chai. Sasa nilipotazama vizuri niliona zile chembe za risasi za zamani zilizobaki pembeni, za duara, nadhifu kama dengu. Mkono wa Mzee Masima, ningeutambua popote. Nikageuza waya mbili. Akachomeka, akaweka swichi katikati, akapiga, na kutoka jikoni mke wake akapaza sauti, "Yoeli, umelipata!"

Alipiga wimbo mzima ndipo akasema. "Masima naye aliomba radhi siku aliponitengenezea mara ya kwanza. Alisema amekosea kitu ndani, nimpe dakika anyooshe. Nikamwambia aache hivyohivyo, hiyo ndiyo sauti niliyokuwa naitafuta."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ya ndani siyajui, mwanangu. Na wewe hukuniuliza nilitaka nini. Ulikuwa unanionesha mita."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la Kondoa, nikashuka Kolo. Banda la Idi liko kando ya barabara, pale magari ya wageni yanapopunguza mwendo kwenda kutazama michoro ya miambani. Alikuwa ameinamia taa ya sola. Mvi zilikuwa zimemwingia.

"Karibu Dada Damari," akasema, akanifutia stuli kwa kiganja. Akauliza habari za Dodoma, akauliza habari za mama. Nikamwambia mama alitangulia mwezi wa pili. Akainamisha kichwa, akanipa pole yote ipasavyo, kwa utulivu, bila kuharakisha. Ilinibidi nisubiri amalize kunifariji ndipo nimwombe msamaha.

"Idi, zilikuwa zinagombana kweli. Nilizipatanisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na niliandika. Wewe hukugusa kitu. Nimekuja kukuomba unisamehe, na urudi."

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Nilikwambia."

"Uliniambia. Nilikuwa nakusikiliza kama polisi."

"Nilishakusamehe, Dada Damari. Kukaa na kinyongo huku Kolo na joto hili, nani anaweza?" Akazungusha bisibisi vidoleni. "Ila kurudi siwezi. Kila nitakaponyoosha mkono kuchukua spea, nitajiuliza kama unatazama. Na wewe utajizuia usitazame. Hiyo siyo kazi tena."

Nikafungua mkoba, nikatoa mita ya mshale ya Mzee Masima. "Basi nitengenezee hii. Uliahidi."

Akaipokea, akaitikisa karibu na sikio, akaifungua. Nami nikavuta stuli, nikakunja mikono, macho kwenye bisibisi yake. Zilipita sekunde kadhaa kabla sijaona nilivyokaa. Nikainuka kwa haraka mpaka stuli ikaanguka. Nikamwambia nakwenda kunyoosha miguu, nikatoka nikaenda kusimama mbali barabarani, mgongo nimewapa yeye na banda lake, nikitazama magari ya wageni yakipita, na sikugeuka mpaka aliponiita.

Mshale ulikuwa unacheza kama mpya, kulia na kushoto. Nilitaka kumkumbatia. Yeye akanyoosha mkono wa pili, na mkononi mwake kulikuwa na kopo dogo la kahawa limezungushiwa utepe, limeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kuegemea: *Dada Damari.*

"Springi ya zamani na skrubu mbili," akasema. "Hesabu ukifika."

Sijui kama alifanya hivyo ili aniumize, au ni mkono tu uliozoea wateja. Nimeshuku yote mawili, kwa zamu, tangu siku hiyo mpaka leo. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikapanda basi.

Mita nimewaachia, iko droo ya juu, itumieni. Kopo nimelichukua, lipo kabatini karibu na daftari hili. Likitikiswa linalia. Sijalifungua.